Afcon 2027: Jirani wa uwanja apangiwe nafasi sasa

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa kwa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. CAF ilitoa uamuzi huo mjini Cairo Septemba 27, 2023, na matokeo yake kwa kanda ya kaskazini yanaonekana kwa macho: katika kata ya Olmoti, jijini Arusha, unajengwa uwanja wa watazamaji 30,000. Kutoka wilayani kwetu Same hadi hapo hazifiki kilomita 200. Tunafurahi. Lakini tuna neno, na afadhali tuliseme leo kuliko siku ya mechi ya kwanza.

Neno lenyewe ni hili: mashindano makubwa hayamnufaishi maskini kwa sababu tu yamefika mlangoni kwake. Asipopangiwa nafasi mapema, kwa maandishi, siku ya mechi atapangwa na mgambo.

Waulizwe watu wa Temeke. Tangu 2007 Uwanja wa Mkapa umepakana na mitaa ya watu wanaoishi kwa riziki ya siku: Keko, Miburani, Mtoni. Simba na Yanga zikicheza, mitaa hiyo ina kazi tangu alfajiri. Mwenye ua analaza magari ya watu, kijana anauza jezi na vuvuzela, mama lishe anapika mara tatu ya siku nyingine. Mechi za mashindano ya CAF zina utaratibu mwingine. Eneo linalouzunguka uwanja huwa mikononi mwa waandaaji, barabara hufungwa, ukaguzi huanzia mbali, na haki ya kufanya biashara karibu na lango hulindwa kwa ajili ya wadhamini. Agosti 2, 2025 CHAN ilifunguliwa hapo hapo, Taifa Stars ikaifunga Burkina Faso mabao 2-0, na nchi nzima ilishangilia. Sisi pia tulishangilia. Furaha hiyo haituzuii kuuliza mama lishe anasimama wapi.

Asiyeijua biashara ya chakula huenda asione uzito wa swali hilo. Jioni ya kuamkia mechi mama lishe ananunua mchele kilo 20, nyama, nyanya, mafuta na gunia la mkaa. Fedha ni ya kikoba, inarudishwa mwisho wa wiki pamoja na riba. Saa 4 asubuhi sufuria ziko jikoni. Saa 6 anaambiwa uzio umesogezwa, aondoke. Aende wapi? Wateja wameelekezwa njia nyingine, na ukimbebesha kijana masufuria ya moto huku na huku, nusu ya mchuzi inaishia barabarani. Wali haulali, utachacha. Wanakikundi wenzake hawatauliza habari za uzio, watauliza rejesho. Siku moja ya namna hiyo inatosha kufuta mtaji uliojengwa kwa miezi.

Kuna pia suala la makazi, ambalo huja polepole zaidi. Popote panapojengwa uwanja, dalali hufika kabla ya mpira. Mwenye kiwanja ana la kujadili, hata kama bei ya kwanza anayopewa ni ya kumwibia. Mpangaji wa chumba kimoja hana. Kodi ikipandishwa anahama, na hakuna daftari linaloandika kwamba alihamishwa na mashindano. Tungependa kuona serikali za mitaa zinazopakana na uwanja wa Olmoti zikiwasajili wapangaji walioko sasa, ili angalau ijulikane nani alikuwa pale kabla ya bei kubadilika.

Afrika Kusini ilipoandaa Kombe la Dunia 2010, wachuuzi waliondolewa kandokando ya viwanja vilivyojengwa kwa kodi yao wenyewe. Katika mji wa Mbombela hali ilikuwa mbaya zaidi. Shule mbili zilikuwa kwenye eneo la ujenzi. Wanafunzi wakahamishiwa madarasa ya muda ya mabati, na ikabidi waandamane kudai majengo waliyoahidiwa.

Lakini upo mfano wa kinyume, na huo ndio tunaotaka viongozi wetu wausome. Katika mji wa Salvador, Brazil, wanawake wamekuwa wakiuza kwa miaka mingi akaraje, bajia za kunde zinazokaangwa kwa mawese. Uwanja wa Fonte Nova ulipojengwa upya kwa ajili ya mashindano ya FIFA, walielezwa kwamba hawatakuwa na nafasi hapo. Hawakusubiri siku ya mechi. Walikuwa na chama chao, wakakusanya maelfu ya saini, wakaupeleka mgogoro hadi kwa rais wa nchi. Kufikia Kombe la Mabara la 2013 FIFA ililegeza msimamo, na wanawake sita wakaruhusiwa kuuza bajia zao uwanjani. Sita ni wachache mno. Hata hivyo, iligundulika kwamba kanuni ambayo kila mtu aliambiwa haibadiliki, inabadilika.

Watu wa Salvador waliuliza mapema, wakiwa wamejiunga. Wilaya yetu haihitaji kufundishwa jambo hilo na mtu wa mbali. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani wakaja kukaa Same, kwenye makao ya wilaya, kupinga kodi ya mbiru waliyokadiriwa bila kusikilizwa. Kodi ile hatimaye iliondolewa.

Sasa, Same inahusikaje na uwanja wa Arusha? Inahusika kwa watu wake na kwa barabara yake.

Vijana wengi kutoka Mamba, Chome, Vudee na Hedaru wamepanga vyumba katika mitaa ya Arusha kama Unga Limited na Ngarenaro. Ndio watakaouza maji na skafu, ndio watakaoendesha bodaboda usiku wa mechi, na ndio watakaokimbizwa kama hapajawekwa utaratibu. Wazazi wao wako huku milimani wakisubiri muamala kwenye simu.

Barabara ni jambo zito zaidi, na hapa hatuna subira. Shabiki anayetoka Dar es Salaam au Tanga kwenda Arusha kwa gari anapita Same. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, kwa hiyo msafara wa mashabiki utapita hapa mchana na usiku. Juni 28, 2025, eneo la Sabasaba, basi na Coaster viligongana na kushika moto. Zaidi ya watu 35 walikufa, wengi wao wakiwa safarini kwenda harusini. Mji huu haujasahau. Kwa hiyo tunapozungumza faida ya Afcon kwa Same, tunaanza na askari wa usalama barabarani wa kutosha, vituo vya kukagua madereva wanaosinzia, na hospitali ya wilaya iliyoongezewa damu na watumishi kwa kipindi chote cha mashindano. Pia mahali rasmi pa kuuzia chakula na vinywaji, ndani ya stendi na penye taa, ili muuza mahindi na karanga asilazimike kukimbilia madirisha ya mabasi katikati ya lami.

Baada ya uhai ndipo tuje kwenye biashara. Tangawizi ya Mamba Miamba na Myamba inajulikana nchi nzima, ila mkulima bado anauza kwa mlanguzi kwa lumbesa, kwa bei anayoikuta siku hiyo. Hoteli za Arusha na Moshi zitapika chai na vyakula kwa maelfu ya wageni. Mkulima mmoja hawezi kuiuzia hoteli. Hana risiti ya EFD wala uhakika wa mzigo wa kila wiki. Ushirika unaweza, iwapo mkataba utasainiwa kabla hoteli hazijajifunga na wasambazaji wengine. Moshi inatuonyesha jinsi mambo yanavyokwenda kila Kilimanjaro Marathon inapofika: gesti zinajaa, jikoni kuna pilika, na aliyepata oda ni yule aliyezungumza na meneja wiki nyingi kabla.

Na makande je? Chakula cha Upare kinachomshibisha mtu kutwa nzima hakina sababu ya kukosekana kwenye mabanda ya chakula ya Olmoti, kikiwa kimepikwa na akina mama waliopimwa afya, wenye vitambulisho na bei iliyobandikwa. Tunaiomba TFF na kamati ya maandalizi iwasilishe CAF ombi la eneo maalumu la wauza chakula wadogo ndani ya mzunguko wa uwanja. Jibu liwekwe hadharani, liwe ndiyo au hapana, huku watu wakiwa bado na muda wa kujipanga.

Halmashauri ya Same nayo ina nyenzo mkononi. Ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Sehemu yake ielekezwe kwa vikundi vitakavyouza wakati wa mashindano, na itolewe miezi kabla, maana mkopo unaofika mechi zikiwa zimeanza ni deni tu. Ofisa biashara aanze na orodha ya wauzaji wa stendi ya Same na wa kandokando ya barabara kuu hadi Hedaru na Makanya, jina kwa jina na bidhaa kwa bidhaa. Ofisa ushirika apande Mamba akakae na wakulima wa tangawizi wakubaliane kiasi na bei. Taarifa ya kazi zote mbili isomwe mbele ya madiwani katika kikao kijacho cha baraza, wananchi wakiwepo.