Nembo Isomeke kwa Mbali
Anayebuni nembo ya shule, klabu au mji na aanze na kanuni ya Ulaya ya Zama za Kati: dhahabu na fedha, yaani njano na nyeupe, zisiwekwe moja juu ya nyingine, wala nyekundu, buluu, nyeusi na kijani zisipandane. Vitani uso wa mpiganaji ulifichwa na kofia ya chuma, hivyo ngao ndiyo iliyomtambulisha. Ndiyo maana nembo ililindwa kama mali. Mwaka 1385, jeshi la Uingereza lilipoivamia Uskoti, wapiganaji wake wawili, Richard Scrope na Robert Grosvenor, walijikuta wote wana ngao ya buluu yenye mkanda wa dhahabu wa mshazari. Kesi yao iliendelea hadi 1390, mshairi Geoffrey Chaucer akiwa miongoni mwa mashahidi, na Scrope akashinda. Kanuni ile ya rangi ingali hai: kwenye ngao ya Kenya, michirizi myeupe hutenganisha nyekundu na nyeusi na kijani, na jogoo mweupe huonekana waziwazi. Tuache kurundika vitabu, mwenge, milima na maandishi katika duara moja. Rangi chache zinazoachana vizuri na umbo moja kubwa vinatosha.