Vijana na Udongo wa Songo Mnara

Wazazi kadhaa wa huku kwetu Geita na Shinyanga wametutaka tueleze ni kazi gani hiyo ya kuchimba magofu, ambayo wanafunzi huvuka bahari kwenda kuifanya katika nchi za watu, wasilipwe ujira, na aghalabu wakijilipia nauli wenyewe. Twajibu kwa mfano ulio katika nchi yetu.

Katika kisiwa cha Songo Mnara, jirani ya Kilwa Kisiwani, ulikuwako mji wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe mwishoni mwa karne ya 14, ukahamwa katika karne ya 16. Magofu ya misikiti na majumba yake yangali yamesimama. Tangu mwaka 2009 walichimba huko Bibi Stephanie Wynne-Jones wa Uingereza na Bwana Jeffrey Fleisher wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, na wanafunzi walishika mwiko pamoja nao.

Kijana wa Geita akiiona kazi hiyo huenda akacheka. Hakuna duara la kuteremka wala baruti. Mtu hupiga magoti siku nzima, akikwangua udongo kwa mwiko wa mwashi na brashi, tabaka kwa tabaka. Udongo hupitishwa katika chekeche, na kila kigae huandikiwa kilipotoka. Huku kwetu jiwe hupelekwa kwenye karasha, dhahabu ikachukuliwa, na mahali lilipotoka pakasahauliwa. Kule mahali ndipo penye thamani. Mwaka 2011 zilionekana sarafu za shaba za Kilwa zaidi ya 300, zimefukiwa pamoja. Lau zingaliokotwa mojamoja na kuuzwa, zingalikuwa shaba tu. Kwa kuwa zilikutwa mahali pake, zilieleza zilifukiwa zama gani na zilitumiwa pamoja na zipi.

Basi wale wanaochimba usiku katika vilima vyetu wakitafuta mali ya Mjerumani, hata makaburi yasisalimike, wasijifananishe na watu hawa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yataka kibali, na hao hawanacho.

Mzazi ambaye mwanawe aitwa ng'ambo kwa kazi hii na aulize kwanza: kibali kimetolewa na nani? Mifupa ya maiti ikionekana hufanywaje? Vitu vitawekwa wapi? Na chakula na malazi ni juu ya nani? Asipojibiwa waziwazi, amzuie. Lakini si lazima kwenda mbali: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chafundisha elimu hii tangu miaka ya 1980.

Wala kijana wetu hataingia mikono mitupu. Sarafu hizo za Kilwa zimeandikwa kwa Kiarabu, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili kumtegemea Mungu, na pande mbili hizo zina vina. Mwanafunzi wa madrasa aliyesoma vizuri aweza kuzitambua herufi zake kabla ya mwenziwe aliyetoka Marekani hajafungua daftari.