Mipira ya Motokaa ya Jamaa

Mawe meusi ya mlima Nyiragongo, yaliyotiririka kama moto hadi mjini Goma tarehe 17 Januari, mwaka 2002, yana makali kama kisu. Hukata mpira wa motokaa ubavuni, mahali palipo pembamba, na jeraha la ubavuni haliponi kwa kiraka.

Basi, baba wa jamaa, ununuapo mipira, usitazame meno yake tu. Mpira uliokwisha tumika ng'ambo waweza kuwa na meno marefu, kumbe umekauka kwa uzee. Tafuta ubavuni herufi DOT, usome tarakimu nne za mwisho: 2318 ni juma la 23 la mwaka 2018. Ukiona nyufa ndogo ndogo, uache.

Kisha soma namba ya mzigo: 116 maana yake mpira mmoja huchukua kilo 1,250. Usikubali namba iliyo chini ya ile iliyoagizwa na kiwanda, kwani siku ya safari motokaa hujaa watoto, nyanya yao na magunia.

Mpira mpya ni ghali, kweli. Lakini fedha hutafutwa tena; mtoto hatafutwi sokoni.