Swichi ya gesi na lawama za dada wa kazi

Wiki hii tunaingia jikoni. Nyie mabachela msikimbie, siku hizi hata geto lina mtungi wa gesi.

Hebu litazame jiko la pleti nne. Pleti zimekaa mraba, mbili mbele, mbili nyuma. Swichi zake sasa! Zimepanga foleni moja kama abiria wa daladala. Ipi ya nyuma, ipi ya mbele? Eti kuna vidoti vya kukuelekeza. Vidoti gani bwana, wakati vilishafutika kwa stilwaya! Unataka kuzima wali, unazima maharage.

Hilo dogo. Noma yenyewe ipo kwenye kuzungusha. Redio za zamani ulikuwa unarudisha sauti, inapungua, mwisho kli! imezima. Gesi kinyume chake. Ukitoka kwenye kuzima unakutana kwanza na moto mkubwa, mdogo uko mwisho kabisa. Sawa, moto mkubwa ndio unaowaka upesi, lakini aambiwe nani? Mtu anapunguza, swichi inagota, anajua kazi imekwisha. Kumbe kimoto bado kipo. Upepo wa dirishani ukikipuliza, kinakufa, na kama jiko halina kifaa cha kujifunga lenyewe gesi inaendelea kutoka. Gesi hii ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Haipai juu, inalala sakafuni inasubiri kiberiti.

Kwa shangazi yangu Kinondoni niliyaona kwa macho.

"We, jiko umezima?"

"Nimezima mama."

Shangazi kuinama, moto wa buluu huo! "Huna akili wewe!" Binti wa watu akanywea. Nilimwonea huruma, maana wiki moja kabla shangazi mwenyewe alikuwa ameliacha hivyo hivyo, na hakuna aliyemtukana.

Wenye viwanda wasiseme hawakujua. Mwaka 1959 Wamarekani wawili, Chapanis na Lindenbaum, walijaribisha watu kwenye mipangilio minne ya jiko. Ule ambao pleti zilisogezwa kidogo, kila moja ikaelekeana na swichi yake, haukuleta kosa hata moja. Chapanis huyo huyo, wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliulizwa kwa nini marubani wa B-17 walikuwa wanakunja magurudumu wakiwa wameshatua. Akakuta swichi ya magurudumu na ya vibao vya mabawa zinafanana na ziko jirani. Hakumwita mtu mjinga. Ile ya magurudumu ikapachikwa kigurudumu kidogo, mkono ukajua umeshika nini. Kasheshe likaisha!

Sasa Tanzania mwaka 2024 ilizindua mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Safi sana. Ila anayetoka kwenye mkaa leo, nani anamfundisha swichi?

Basi fanya hivi. Chukua rangi ya kucha ya wifi, weka alama nyekundu pale panapozima. Ukimaliza kupika funga na mtungi wenyewe. Ukisikia harufu ya gesi usiwashe wala kuzima taa, fungua milango na madirisha, toka nje.

Na dada wa kazi umwonyeshe taratibu, bila matusi. Mkimwogopesha, siku akiwa hana uhakika atajibu tu "nimezima mama," nanyi mtakwenda kulala.