Dawa ya Deni ni Kulipa

Serikali ya jimbo kule Kongo ikiishiwa, wimbo ni ule ule: makuta hakuna, wananchi wavumilie. Kuvumilia maana yake zahanati bila dawa na mwalimu bila mshahara. Mimi nauliza tu: hapa nani anamdai nani?

Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, tena yakatwe pale pale yanapokusanywa. Si msaada huo, ni haki. Lakini Kinshasa inabeba yote kwanza, halafu inarudisha inachotaka, siku inayotaka. Mwaka 2015 majimbo 11 yakageuzwa 26. Viti vya magavana vikaongezeka, mabunge yakaongezeka, dawa je?

Leta inajitetea: mishahara ya walimu tunalipa sisi, hiyo ndiyo sehemu ya majimbo. Ehe! Sasa mbona kwa miaka mingi ni wazazi waliomlisha mwalimu, kwa minervali na motisha? Shule ya msingi bure iliandikwa kwenye Katiba hiyo hiyo, ikaanza kutekelezwa 2019. Miaka 13! Kati ya vijana ninaofanya nao kazi hapa Kigali, wako walioachia masomo darasa la nne kwa sababu ya minervali. Hao nao wavumilie mpaka lini?

Watasema ni vita. Vita ni kweli, ndiyo iliyotuleta wengi wetu huku. Lakini kifungu cha 175 hakiheshimiwi hata Matadi, kwenye bandari, mbali kabisa na mapigano.

Na angalia nani anabanwa. Mama akijifungua akakosa pesa ya hospitali, anazuiliwa pale na mtoto wake mpaka ndugu wachangishane. Deni dogo linafungiwa mlango. Deni kubwa linatembea kwa gari lenye vioo vyeusi.

Kwa hiyo gavana akisema anapunguza huduma kwa sababu ya madeni, tumuulize kwanza: asilimia 40 ulidai? Ulipewa ngapi? Ziko wapi? Asipojibu kwa namba, asituombe uvumilivu. Vijana, kifungu chenyewe ni kifupi. Kisomeni, mkishike kichwani, siku ya kurudi tusirudi kupiga makofi tu.