Bunduki ya Kale si Pambo



Duniani wapo watu wanaokusanya bastola na bunduki za kale kama wengine wanavyokusanya stempu na sarafu. Huondoa kutu, hung'arisha chuma, huchora maua juu ya mtutu, na pengine huondoa mpini wa mbao wakatia wa pembe za ndovu. Wengi wao si watu wa vita. Wanapenda kazi ya mikono. Na rivolva ya karne ya 19, inayozungusha risasi zake moja baada ya nyingine bila kukosea, ni kazi ya fundi mwenye akili. Lakini sisi tunaoishi Mudaka, kando ya barabara itokayo Bukavu kwenda Kavumu, tuna haki ya kuuliza: silaha iliyozeeka hugeuka kuwa pambo lini? Jibu langu ni kwamba haigeuki. Inaweza kuwa shahidi, au inaweza kuwa chuma cha kufulia kitu kingine. Njia ya tatu sijaiona.

Tarehe 30 Novemba 2016, huko Paris, iliuzwa kwa mnada rivolva ambayo mshairi Verlaine alimjeruhi nayo mwenzake Rimbaud mjini Brussels mwaka 1873. Bei yake ilifika euro 434,500. Chuma cha namna hiyo hakina thamani hiyo. Mnunuzi alilipia jeraha la mkono wa mtu.

Tazameni sasa mfano mwingine. Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, Gavrilo Princip alimwua Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria, pamoja na mkewe Sophie. Bastola yake ilitengenezwa Herstal, Ubelgiji. Padre Anton Puntigam, Mjesuiti aliyewapa marehemu hao mpako mtakatifu, aliitunza silaha hiyo. Baada ya kifo chake ilibaki kwa Wajesuiti wa Austria, mpaka walipoikabidhi makumbusho ya kijeshi ya Vienna mwaka 2004. Hawakuipamba, wala hawakuipeleka mnadani. Leo inasimama karibu na gari na koti la marehemu, na anayeitazama anakumbuka vita vilivyofuata. Huo ndio ushahidi ninaousema.

Na kwetu? Wazee wetu walizijua bunduki za gumegume. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara kutoka Zanzibar, pamoja na ile ya Tippu Tip, ilileta bunduki na baruti hadi Maniema, ikarudi pwani na pembe za ndovu na watumwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki bora zisiingizwe kwa Waafrika wa sehemu kubwa ya bara hili, ila za gumegume ziliachiwa mlango. Wakati huohuo askari wa Leopold II walibeba Albini zilizotoka Ubelgiji, na pembe za Kongo zilijaa sokoni Antwerp. Basi anayesifu mpini mweupe wa rivolva ya zamani na aulize pia pembe ile ilitoka msitu gani, na ilibebwa na mabega ya nani.

Mtu atanijibu: tukiharibu kila silaha ya kale, watoto wetu watajifunza wapi historia? Neno hilo lina uzito. Ndiyo maana makumbusho yanafaa: silaha huwekwa pale ikiwa imezimwa, na karibu yake maandishi yanaeleza ilimtumikia nani na ilimwumiza nani. Bali ukutani nyumbani hakuna maandishi, na bunduki haistaafu. Februari 2025, vita vilipopita katika barabara yetu hii na kuingia Bukavu, silaha zilizotupwa ziliokotwa hata na watoto. Mtoto aliyezoea kuona bunduki ikipanguswa vumbi kama picha ya ukoo atajifunzia wapi kuiogopa?

Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti naye, aliuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Tunamkumbuka kwa maneno yake na kwa ujasiri wake; kumbukumbu yake haikuhitaji chuma kilichomwua.

Msumbiji, baada ya amani iliyotiwa sahihi Roma mwaka 1992 kwa msaada wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, ambayo ni jumuiya ya walei kama sisi, Baraza la Kikristo la nchi hiyo lilianza mwaka 1995 kuwapa watu majembe, baiskeli na cherehani badala ya bunduki. Silaha ziliharibiwa, na vipande vingine wakapewa wasanii wa Maputo. Kiti alichokiunda Cristóvão Canhavato kwa vipande hivyo mwaka 2001 sasa kiko katika Makumbusho ya Uingereza, London. Nabii Isaya angekitambua.

Kwa hiyo, penye bunduki ya babu ndani ya nyumba, wazee wa ukoo waketi na waseme bila kuficha ilitoka wapi na ilifanya nini. Masimulizi hayo yaandikwe, vijana wayasome. Kisha fundi anayeijua, wala si mwingine, aiharibu isiweze kupiga tena. Urithi wa kuwaachia watoto ni yale masimulizi.