*TAMKO LA TAWI: MALORI YA UMEME YASITUPITE KAMA YALIVYOTUPITA YA DIZELI*



Kila tukitaja kituo cha kuchaji malori ya umeme hapa Madaba, jibu ni lile lile: "Hayo ni ya Ulaya, sisi hata taa zinazimika." Tunalikataa. Ethiopia si Ulaya, na mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli.

Mwaka 2018 iliwashwa njia ya umeme ya msongo wa kilovoti 220 kutoka Makambako hadi Songea, kilomita 250, kwa fedha za serikali yetu na Sweden. Vituo vipya vya kupoza umeme vilijengwa viwili tu: Songea na hapa kwetu. Bwawa la Julius Nyerere limejengewa mitambo tisa ya megawati 2,115, na mwaka 2024 baadhi ya mitambo nchini ilizimwa kwa sababu umeme ulizidi matumizi. Kwa hiyo taa zikizimika kitongojini, ugonjwa uko kwenye nguzo, nyaya na transfoma. Hilo nalo tunalidai, na hatutaki litumike kutunyamazisha.

Sasa tazameni barabara. Makaa ya mawe ya Mbinga yanapita mbele ya milango yetu kwenda Makambako. Lori la dizeli limeshajaza tangi Songea. Madaba linatuachia moshi na mashimo. La umeme haliwezi kufanya hivyo. Betri ya kilowati-saa 400, kwa chaja ya kilowati 200, inataka saa mbili. Saa mbili dereva na utingo wake wanakula kwa mama lishe, wanaoga, wananunua mahindi na maharage yetu. Na milima ya Lukumburu mnaijua: lori la umeme likishuka, mota inageuka jenereta, inarudisha sehemu ya umeme kwenye betri, na breki hazichemki ovyo. Akina mama wanaotembea kando ya barabara ile hawahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini tusidanganyane. Chaja moja ya namna hiyo inakula kuliko transfoma ya kijiji ya kVA 100 inavyoweza kutoa. Mtu akija kuifunga kwenye laini yetu ya mtaani, mashine za kusaga zitalala. Chaja ziwe na laini yake ya kilovoti 33 kutoka kituo cha kupoza, na gharama alipe mwenye biashara. Kinyume cha hapo tutapinga hadharani, hata akija na bendera na ngoma.

Wanaotuambia tungoje reli ya Mtwara–Mbamba Bay watuambie kwanza tumeisikia kampeni ngapi.

Tunachotaka kwa halmashauri si chaja kesho asubuhi. Ni eneo. Litengwe sasa karibu na kituo cha kupoza, liwe na maegesho na vyoo, kabla viwanja vya kandokando ya barabara havijaisha kuuzwa kwa watu wasiojulikana hata sura. Ardhi ibaki ya halmashauri, mwekezaji apangishwe na alipe ushuru hapa hapa Madaba.

Kila mjumbe atakayekutana na diwani wake wiki hii amuulize: eneo ni lipi? Majibu yaletwe kikao kijacho cha tawi, kwa majina ya waliojibu na waliokwepa.

_Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi, Madaba._